Chuo Kilichoandikwa Chini ya Mengineyo

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina lenyewe ni nyara ya serikali, na kulitamka bila kibali ni faini au kifungo au vyote viwili. Kwa hiyo nitasema tu "nchi". Anayetaka kujua iko wapi atoke nje, asimame, aangalie chini ya miguu yake.

Ni nchi nzuri. Ina Wizara ya Michezo yenye wakurugenzi kumi na saba na mpira mmoja, nao mpira huo umefungiwa katika kabati la kioo usije ukachakaa. Ina Baraza la Mpira wa Kikapu wa Vyuo, lenye magari. Na ina haki, maana haki imeandikwa kwa rangi ya mafuta katika ukuta wa kila ofisi, juu kidogo ya mahali ambapo wananchi huegemea wakisubiri.

Zamani vyuo vyote vilicheza pamoja, na aliyeshinda alikuwa ameshinda. Jambo hilo liliwakera wakubwa. Watoto wao walisoma Chuo cha Mji Mkuu, na Chuo cha Mji Mkuu kilikuwa kikifungwa kila mwaka na mabinti waliocheza wamevaa kandambili zilizofungwa kamba. Basi miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Alhamisi, ikaitishwa semina hotelini ili kutafuta kiini cha tatizo. Kiini kilipatikana kabla ya chai ya saa nne: vyuo vilikuwa vimechangamana.

Ikaamuliwa iundwe Jumuiya ya Hadhi. Wakuu wa vyuo waliokuwa mezani wakati huo waliandikwa wote humo. Mkuu wetu wa Chuo cha Korongoni hakuwepo mezani. Alikuwa ng'ambo ya mto, anasubiri maji yapungue, kwa sababu daraja la mto ule lilikuwa limeshazinduliwa mara mbili lakini lilikuwa bado kujengwa. Alifika hotelini suruali imelowa mpaka magotini, pilau imekwisha, kikao kipo kwenye ajenda ya mwisho. Karani kijana aliyekuwa akiandika kumbukumbu, Leopodi Shangwe, alimtazama magoti, akaandika: "Mengineyo: Korongoni na wenzake waliochelewa."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jumuiya ya Mengineyo. Karani yule leo ni Katibu Mtendaji wa Baraza. Kuna watu husema tusahau yaliyopita. Watu hao walikula ile pilau.

*

Msidhani Baraza lilitufukuza mchezoni. Hapana, Baraza ni la watu waungwana. Lilituachia tucheze tutakavyo, likatunga kanuni mbili tu.

Kanuni ya kwanza: pointi inayofungwa na chuo cha Mengineyo itahesabiwa robo. Binti akifunga pointi arobaini huko kwetu, kwenye vitabu vya Baraza amefunga kumi. Timu ya taifa huchaguliwa kwa vitabu.

Kanuni ya pili ni Cheti cha Urefu. Kila mchezaji sharti apimwe na afisa wa Baraza. Wanaokwenda vyuo vya Hadhi hupimwa wakiwa wamesimama juu ya meza, na meza huhesabiwa. Wanaokwenda vyuo vya Mengineyo hupimwa wakiwa wameinama, kwa kuwa wapo mbele ya afisa na ni lazima waoneshe heshima. Jezi hushonwa kwa kufuata cheti. Ndiyo maana mabinti wetu hucheza na jezi zinazoishia mbavuni, na watu wa mji mkuu husema, "Tazama, hawa hata kuvaa hawajui."

Sasa niambie wewe, binti mrefu mwenye mkono mzuri, atachagua chuo gani?

Korongoni tuna kocha, Sikujua Mwinshehe. Hufundisha useremala asubuhi na mpira wa kikapu jioni, na magoli mawili ya uwanja wetu aliyachonga mwenyewe. Ana jicho. Humwona binti anachota maji, namna anavyopokea ndoo, akasema, "Huyu." Atamfundisha miaka mitatu, minne. Kisha Chuo cha Mji Mkuu kitakuja na gari.

Walimchukua Sitti Mbonde, mwaka wa mafuriko, mwezi wa sita. Walimchukua Felista Kanju mwaka uliofuata, Kocha akiwa hospitali anafungwa mkono. Walimchukua Mwanaidi wa kwa fundi baiskeli, siku ya matanga ya babu yake, wakaweka na ubani. Nimezikumbuka tarehe zote, maana hakuna mwingine anayelipwa kuzikumbuka.

Na wakawachezesha? Thubutu. Chuo cha Mji Mkuu kina wachezaji sitini na mmoja. Wanaocheza ni watano, na wote watano humwita Katibu Shangwe "Anko". Hamsini na sita waliobaki wapo benchi, na benchi lenyewe limeongezwa mara tatu. Hawakuchukuliwa ili wacheze kule. Walichukuliwa ili wasicheze huku.

Sitti alirudi likizo baada ya miaka miwili, amenenepa mashavu, ana raba nyeupe zisizo hata na vumbi. Watoto wakamrushia mpira. Ukampita katikati ya mikono.

"Jamani," alisema, anacheka huku machozi yanamlenga. "Nimesahau mpira unavyokuja."

Binti wa jirani alikuwa amesimama kando, ameegemea nguzo ya goli, akayasikia maneno hayo. Huyo ndiye Mwamvita.

*

Mwamvita Ngoda ana futi sita na inchi tatu. Kwa cheti cha Baraza ana futi tano na mbili, maana siku ya kupimwa afisa alimwambia ainame zaidi. Mama yake, Bi Rukia, huuza vitumbua mbele ya geti la chuo, na katika watu wote wa Korongoni ndiye pekee ambaye hata wanasiasa humwogopa wakati wa kampeni.

Alipomaliza kidato cha sita, gari la Baraza lilisimama mbele ya karai la Bi Rukia. Akashuka Katibu Mtendaji mwenyewe. Lazima nieleze kwamba Katibu Shangwe ni msimamizi wa vyuo vyote bila upendeleo, na pia ni Mwenyekiti wa Kamati ya Usajili ya Chuo cha Mji Mkuu. Baraza lilichunguza kama kuna mgongano wa maslahi. Uchunguzi aliuongoza Katibu Shangwe, na akakuta hakuna.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Kaa hapo mbali kidogo, mafuta yanaruka."

"Mama, nimekuja kwa habari ya binti. Kipaji kile ni cha taifa. Hapa kitaoza."

"Kioze kwani embe?"

"Akija kwetu, pointi zake zitahesabiwa nzima. Hapa ni robo, mama. Robo! Utakubali mwanao awe robo?"

Bi Rukia akageuza vitumbua kimoja kimoja, hana haraka. "Na akija kwenu atazifungia wapi hizo nzima? Benchi?"

"Benchi letu lina mto, mama. Na kivuli."

"Eti mto! Sitti wa jirani yangu mmemrudisha hawezi kudaka hata kanga ikidondoka. Mlimlisha nini huko, simenti?"

Katibu akatabasamu tabasamu la ofisini, akamgeukia Mwamvita aliyekuwa anakuna nazi. "Wewe binti unasemaje?"

Mwamvita hakuinua uso. "Mie nataka kucheza. Na nikifunga, iandikwe nilivyofunga. Korongoni wakiingia Hadhi, nabaki kwetu. Wasipoingia mpaka siku ya usajili, nitapanda hilo gari lenu, nife na benchi."

"Usajili unafungwa tarehe thelathini, saa sita mchana," alisema Katibu, anapanda gari tayari.

"Anko!" Bi Rukia alimwita. "Kitumbua umekula kimoja. Umelipa robo."

*

Siku ile ile Kocha Sikujua alikwenda kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu wa sasa ni Dakta Filemoni Kabwogi, mtu aliyesoma sana, ambaye hajawahi kuingia uwanjani kwa sababu uwanjani hakuna kiti chake.

"Mkuu, tuombe kuingia Hadhi. Tukimkosa huyu, hatutapata mwingine. Hakuna mzazi atakayetuletea mtoto tena."

Dakta Kabwogi akavua miwani. "Mwalimu, umesema neno ambalo lilikuwa moyoni mwangu siku nyingi. Unajua wakuu wa Hadhi wanapokutana wanakaa wapi? Mbele. Mimi mahafali ya mwaka jana nilikaa nyuma ya spika. Nimesikia hotuba yote kwa kifua."

Fomu ya maombi ilikuja. Ilikuwa na kurasa hamsini na mbili. Kocha aliisoma yote mara mbili, akitafuta mahali palipoandikwa mpira. Hapakuwepo. Hapakuwa na wachezaji, hapakuwa na ushindi wala makocha. Kulikuwa na zulia jekundu, mita thelathini. Kulikuwa na maji ya chupa, baridi na ya kawaida. Na ukurasa wa arobaini na nne ulisema: chuo kinachoomba Hadhi kiwe na jukwaa kuu lenye paa, la kukalisha waheshimiwa themanini juu ya sofa, lijengwe mahali tambarare palipo imara.

Korongoni kuna mahali pamoja tu tambarare palipo imara.

"Nusu tu, Mwalimu," alisema Mkuu. "Tunakula nusu ya uwanja. Goli moja linabaki."

"Mpira wa kikapu una magoli mawili, Mkuu."

"Watapokezana. Hawa wanafunga, wale wanasubiri. Hiyo ndiyo nidhamu."

Na hapa lazima nimlaumu Kocha, ingawa nampenda. Alikubali. Alijiambia: Mwamvita akishasajiliwa, nusu ya uwanja tutapambana nayo. Akang'oa goli moja kwa mikono yake. Na kwa kuwa fundi wa kuaminika Korongoni ni yeye, jukwaa akalijenga mwenyewe, wiki tatu, na wanafunzi wake wa useremala. Kila ubao uliopigwa msumari ulikuwa hatua moja ya uwanja imekwenda. Mbele kabisa, juu ya ubao mpana wa mninga, Mkuu aliamuru yaandikwe maandishi meupe: WAHESHIMIWA TU.

Mabinti wa timu walisimama kando wanatazama. Mmoja akauliza, "Kocha, sisi tutasimama wapi?"

"Mtasimama tu," alisema Kocha, misumari mdomoni.

*

Siku ya ukaguzi ilikuwa tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla ya usajili kufungwa. Mechi ya maonyesho ilipangwa kuanza saa tatu asubuhi. Orodha ya wachezaji wa siku ile ilipelekwa kwa Katibu pamoja na vyeti vyao vya urefu, Mwamvita akiwemo kwa majaribio.

Saa tatu waheshimiwa walikuwa bado njiani. Saa tano walifika. Ikaanza itifaki.

Mshereheshaji akamtambulisha Mkuu wa Chuo. Mkuu wa Chuo akamtambulisha Katibu. Katibu akasimama, akapunga mkono, akasema naye hakuja peke yake, akawatambulisha aliokuja nao. Kila aliyetambulishwa alisimama, akapunga, akasema naye hakuja peke yake. Kuna mzee mmoja alitambulishwa mara tatu na watu watatu tofauti, na kila mara alishangaa. Sofa zilikuwa themanini, watu waliotambulishwa walikuwa mia na arobaini. Mabinti wa timu walikuwa wamesimama juani tangu saa mbili na nusu, jezi mbavuni.

Saa tisa Katibu alipanda kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Michezo ni nini? Michezo ni afya. Afya ni nini? Afya ni taifa. Taifa ni nini? Taifa ni sisi tuliokaa hapa. Kwa hiyo anayetuona sisi ameona michezo!"

Sofa zikapiga makofi.

Kisha ukaja wakati wa mgeni rasmi kurusha mpira wa ufunguzi. Mgeni rasmi alikuwa Naibu Waziri, mtu mfupi, mpana, mwenye suti ya vipande vitatu. Akarusha. Mpira ukaanguka mbele ya viatu vyake. Mshereheshaji akasema, "Jaribio zuri sana la Mheshimiwa!" Akarusha wa pili, wa tatu, wa saba. Wa kumi na moja ulimpiga mpiga picha.

Katibu akamwita Kocha kwa kidole. "Goli lako ni refu mno."

"Ni futi kumi, mheshimiwa. Dunia nzima ni futi kumi."

"Dunia nzima haina mgeni rasmi leo. Punguza."

Akaletewa msumeno wake mwenyewe kutoka karakana. Nilimwona Kocha Sikujua anamtazama Mwamvita, kisha anaitazama ile nguzo aliyoichonga miaka ishirini nyuma. Akakata. Akaambiwa akate tena. Goli liliposimama usawa wa tai ya Naibu Waziri, Mheshimiwa aliuweka mpira ndani, taratibu, kama mtu anayeweka yai kwenye kikapu. Bendi ikapiga. Pointi zikaandikwa nne.

Mechi ya maonyesho ikaahirishwa kwa kukosa muda.

Halafu Katibu akatangaza: Chuo cha Korongoni, kuanzia dakika ile, ni cha Hadhi. Vigelegele vikalia. Dakta Kabwogi alilia kabisa, kamasi na machozi, juu ya sofa ya mbele. Kocha alikaa chini, msumeno magotini, akamwambia Mwamvita, "Tumeingia, mwanangu. Nzima sasa. Zitahesabiwa nzima."

Mwamvita aliitazama ile nguzo, inamfika kiunoni. "Ndiyo, Kocha," alisema.

*

Lakini Katibu alikuwa hajashuka jukwaani. Akafunua karatasi nyingine.

"Kwa mujibu wa desturi, chuo kipya kinachopokewa Hadhi hutoa Shukrani ya Kuingia kwa chuo mwasisi, ambacho ni Chuo cha Mji Mkuu. Shukrani hiyo ni mchezaji mmoja, aliye mrefu kupita wote katika orodha ya leo. Ataondoka nasi jioni hii."

Ndiyo maana alikuwa mwepesi kutukubali. Angetupa Hadhi kwa mkono huu, amchukue Mwamvita kwa mkono ule. Bi Rukia akaanza kuvua kanga ya mabega, na waliomfahamu wakasogea nyuma.

"Afisa wa vyeti, soma!"

Afisa wa vyeti akapekua. Ni kijana mwaminifu. Hajafundishwa kutazama watu, amefundishwa kutazama karatasi. "Mrefu kupita wote kwa mujibu wa vyeti vilivyopo ni Dorisi Kabwogi, futi saba na nusu."

Dorisi ni mpwa wa Mkuu wa Chuo. Mkuu alimpeleka mji mkuu kupimwa kwa siri kama mtu wa Hadhi, juu ya meza ya mkutano, ile yenye miguu mirefu, kisha akampenyeza kwenye orodha. Dorisi alijitokeza mstari wa nyuma, akasimama mbele ya jukwaa, na waheshimiwa wa sofa za kwanza wakalazimika kuinuka kidogo ili wamwone.

"Huyu?" alisema Katibu.

"Ndiye, mheshimiwa. Futi saba na nusu."

"Si... yule pale?" Akamwonyesha Mwamvita, ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya vichwa vyote.

"Yule ana futi tano na inchi mbili, mheshimiwa. Cheti hiki hapa. Kimesainiwa na wewe."

Katibu akakichukua cheti, akakitazama juu, chini, nyuma. Mia na arobaini wanamsikiliza, na Naibu Waziri yumo. Kusema cheti kina kosa ni kusema vyeti vyote vya miaka kumi na tisa vina kosa.

"Baraza halikosei," alisema. "Karibu Hadhi, Dorisi. Inama usigonge mlango wa gari."

"Mjomba!" Dorisi akapiga kelele. "Mimi sijui hata mpira! Uliniambia ni kwa ajili ya picha tu!"

Dakta Kabwogi akawa anapunga mkono kutoka kwenye sofa yake, hajui kama anaaga au anazama.

*

Tarehe thelathini, saa nne asubuhi, Mwamvita alikuja kujisajili, mama yake nyuma yake. Meza ya usajili ilikuwa imewekwa chini ya jukwaa, penye kivuli. Kocha alikuwa amekaa, kalamu mkononi.

"Nisajili basi, Kocha. Lakini kwanza nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Nitakapocheza."

Kocha akatazama kulia: sofa. Akatazama kushoto: zulia. Mbele yake goli la usawa wa tai. Akaiweka kalamu mezani.

"Hapa pointi zitahesabiwa nzima," alisema Kocha polepole, "na hakuna pa kuzifungia. Nikikurudishia uwanja, jukwaa halipo, Hadhi haipo, tunarudi Mengineyo, robo. Gari la Mji Mkuu lipo getini mpaka saa sita. Sitakudanganya, mwanangu. Nimejidanganya mwenyewe inatosha."

"Na hili jukwaa nani kajenga?"

"Mimi."

"Linabomoka?"

Kocha akainuka. Alikwenda karakana, akarudi na nyundo, patasi na ule msumeno. Alianza na paa. Wanafunzi wa useremala wakaona, wakaja. Mabinti wa timu wakashika sofa, mbili mbili, wakazipanga nje kwenye majani. Mbuzi wa jirani akapanda ya kwanza.

Dakta Kabwogi alikuja mbio, koti mkononi. "Mwalimu! Mwalimu Sikujua! Hiyo ni mali ya Hadhi!"

"Kaa mbali kidogo, Mkuu. Misumari inaruka."

"Nitakuandikia barua ya onyo!"

"Andika. Tumia ubao huu, karatasi hazikutoshi."

Saa sita kasoro dakika kumi Mwamvita alivuta meza ya usajili kutoka kwenye vumbi, akatia sahihi. Katibu, aliyekuwa amekuja mwenyewe na lile gari, alimwita dirishani.

"Binti, umesoma ulichosaini? Umesaini robo."

"Nimesoma," alisema Mwamvita. "Robo yangu naiona. Nzima yenu niliitafuta juzi kutwa, nikaikosa."

*

Baraza liliturudisha Mengineyo kwa barua, siku tatu baadaye. Lakini lilikuwa limeshachapisha kalenda ya msimu ikiwa na picha ya Waziri ukurasa wa mbele, na kitu chenye picha ya Waziri hakifutwi. Kalenda ilisema mechi ya kwanza ya msimu ni Chuo cha Mji Mkuu, ugenini, Korongoni. Ikabidi waje.

Walikuja na magari kumi na wachezaji sitini na mmoja, sitini na wawili na Dorisi, ambaye jezi yake ya futi saba na nusu ilikuwa ikifagia njia mbele ya wenzake. Walikuja na waheshimiwa thelathini. Waheshimiwa waliposhuka wakatafuta jukwaa. Pale palipokuwa jukwaa kulikuwa na uwanja mzima, magoli mawili, futi kumi kila moja. Ubao wa nyuma wa goli moja ulikuwa mninga mpana, na juu yake maandishi meupe yanasomeka vizuri tu: WAHESHIMIWA TU.

"Itifaki itafanyikia wapi?" aliuliza Katibu.

"Hapo," alisema Kocha, akamwonyesha jua.

Hakuna mheshimiwa atakayesimama juani kutambulishwa kwa watu wenye jezi za mbavuni. Walirudi kwenye magari, wakapandisha vioo, wakawasha viyoyozi. Na kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, mechi katika nchi ile ilianza saa iliyopangwa na ikachezwa dakika zote arobaini.

Sitakuelezeni yote. Wale wapwa watano wa Katibu hawakuwa wamewahi kukimbia zaidi ya dakika nne, kwa hiyo robo ya pili wawili waliomba maji na mmoja aliomba kwenda kwao. Walipiga piga, wakapata ishirini na saba. Mwamvita alifunga kutoka mbali, alifunga kwa pembeni, alifunga huku ameshikwa jezi, na jezi yenyewe haikuwa na pa kushika. Kila mpira uligonga kwenye WAHESHIMIWA, ukaingia. Ga, ga, ga. Katika benchi refu la Mji Mkuu, Sitti Mbonde alisimama, akaanza kuhesabu kwa sauti. Felista naye akasimama. Mwishoni benchi zima lilikuwa linahesabu, wasichana hamsini na sita, na Dorisi juu ya kiti.

"Mia na kumi! Mia na kumi na mbili!"

Filimbi ikalia. Katibu alikuwa amelaza karatasi juu ya boneti ya gari. Akagawa mia na kumi na mbili kwa nne. Akagawa tena. Akamwita afisa wa vyeti, naye akagawa.

"Ishirini na nane," alisema kijana mwaminifu. "Ishirini na nane kwa ishirini na saba. Korongoni wameshinda, mheshimiwa. Kwa kanuni yetu."

Kelele zilizopigwa Korongoni siku ile zilimwangusha mbuzi kwenye sofa.

*

Barua ilifika Jumatano. Kocha aliisoma uwanjani, timu imemzunguka, Bi Rukia na karai lake pembeni. Baraza, baada ya kutafakari kwa kina na kwa maslahi mapana ya umoja wa kitaifa, limeamua kwamba pointi ya Mengineyo itahesabiwa moja ya nane, kuanzia saa tisa alasiri ya Jumamosi iliyopita, yaani saa moja kabla ya mechi kuanza. Hivyo matokeo sahihi ni Mji Mkuu ishirini na saba, Korongoni kumi na nne. Baraza linawapongeza Korongoni kwa kushiriki. Baraza pia lipo tayari kuwajengea jukwaa jipya, kwa gharama ya Wizara, la sofa mia mbili.

Kocha aliikunja barua.

"Wezi," alisema Bi Rukia. "Wezi na watoto wa wezi. Na kile kitumbua bado wanadaiwa."

Mwamvita alikuwa anaudundisha mpira, taratibu, anatazama goli.

"Moja ya nane?" aliuliza.

"Moja ya nane, mwanangu."

"Waandike watakavyo, kuandika ndiyo kazi yao. Ila hilo jukwaa, Kocha, waambie hatulitaki. Wakija kujenga, mie nitalala hapa katikati, wanijengee juu yangu."

Akarudi nyuma hatua tatu, akarusha. Mpira ukagonga pale pale, kwenye WAHESHIMIWA, ukaingia.